Namba Niliyoifuta

Jamani, serikali ikitaka kunikata hainipangishi foleni. Mwezi ukianza nanunua LUKU ya elfu tano, buku jero inaondoka kwanza. Kodi ya jengo. Jengo lenyewe si langu! Nimepanga vyumba viwili Kihesa, hata msumari wa kutundikia koti naombea ruhusa. Mwaka 2021 walianza na buku, 2023 ikapanda. Wajuaji wananiambia nikate kwenye pango. Nikate vipi, na mwenye nyumba ananidai miezi miwili? Nikimwona tu njiani naingia kwa kinyozi. Nina upara.

Sasa zamu ya kupewa ndiyo uone. Tangu Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, Rais Samia alipozindua ruzuku ya mbolea na mfuko wa DAP ukashuka kutoka laki na thelathini na kitu mpaka elfu sabini, mke wangu Mama Neema amekuwa bwana shamba. Hela ya makochi? Ikakodi ekari mbili Kilolo. Mwenye shamba naye si mjinga. "Mbolea imeshuka, mzee, shamba limepanda." Nikalipa. Nikasema na asante.

Nikajiandikisha kwa mtendaji. Akaniambia subiri meseji yenye namba. Mie nikasubiri. Msimu ukafika, baridi ile ya Iringa ya alfajiri, nikapanga foleni kwa wakala na sweta la mke wangu, la kwangu limeliwa na panya. La pinki. Saa tano zamu yangu.

"Namba yako, mzee?"

Namba gani? Nikapekua simu. Hamna. Hapo ndipo nikakumbuka: wiki ile kuna meseji iliingia, ina matarakimu mengi, nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikaifuta. Nikawatukana kabisa. Tena nikamwita jirani aone nilivyo mjanja.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja akasema, "Kamwene, baba, kaa pembeni tupite."

Nikampigia Mama Neema. Kimya. Halafu: "Mie nilijua. Nilijiandikisha na mimi."

Mifuko miwili nimebeba, jina lake. Shamba sasa anasema ni lake. Na jioni umeme ukakatika. Tarehe moja.