Heko kwa Mheshimiwa Inline

Lugha ya C haina neno tukufu kama inline. Kazi yake ni kuiomba kompaila ipachike mwili wa fanksheni palepale inapoitwa, badala ya kwenda kuutafuta kwingine. Ni ombi tu, na kompaila ina ruhusa ya kulipuuza. Lakini mheshimiwa huyu haingii kila ua kwa jina moja. Kama Mtemi Mkwavinyika wa Wahehe, ambaye watu walimfupisha wakamwita Mkwawa, naye ana majina ya kila baraza: kompaila ya GCC ikifungwa kwenye kanuni za 1990 huitika kwa __inline__, kwa Microsoft alizoea __inline, na kiwango cha 1999 ndicho kilichomruhusu kutembea bila mistari ya chini.

Hebu zitazamwe ajira alizozalisha! Autoconf, zana ya kuandaa msimbo kabla ya kujengwa, humpigia hodi kwa inline. Asipoitika, kwa __inline__. Kisha kwa __inline. Kimya kikizidi, humfuta kabisa na kazi ikaendelea kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Ukarimu wake umefika hadi kwenye maana. Katika GCC ya zamani, extern inline ilimaanisha fanksheni isitolewe nakala. Katika kiwango cha 1999, itolewe. GCC 5 ilipohamia maana mpya mwaka 2015, msimbo uliojengwa salama miaka nendarudi ukaanza kugoma wakati wa kuunganisha mafaili.

Wala hayuko peke yake. Noreturn, neno linaloiambia kompaila kwamba fanksheni hairudi ilikoitwa, ana majina manne kwa uchache, na lile la 2011, _Noreturn, kiwango cha C23 kimeshalitangaza la kizamani. Bool naye kapandishwa cheo humo akawa neno kamili la lugha, akavunja mafaili yaliyokuwa yamejitungia bool yao.

Ila mistari ya chini imekosa nini? Mwenye kosa ni mwingine. Microsoft ilingoja hadi Visual Studio 2015 ndipo ikamkubali inline katika C. Miaka kumi na sita! Katikati ya hapo, mwaka 2012, ilitamka wazi kwamba shughuli yake ni C++. Ikabidi msimbo wa FFmpeg na Libav, miradi ya video, upitishwe kwenye programu ya kugeuza C ya 1999 iwe ya 1989, ili kompaila ya kampuni tajiri iweze kuumeza.

Na mlalamikaji huambiwa: sasisha kompaila. Vyema. Msemaji huyo na aje Nyololo, inapochepukia barabara ya Mgololo, anunue bando, apakue magigabaiti ya Visual Studio kwa mtandao wa simu. Akiwa bado asilimia nne, mwenyeji wake atakuwa ameshaandika

#if defined(_MSC_VER) && _MSC_VER < 1900
#define inline __inline
#endif

na kuondoka zake kwenda Igowole.