Shamba Lililoenea Kwenye Mkeka

Msimu wa mitihani ukikaribia, mashamba ya kakao ya Mambasa huanza kusinyaa. Hakuna wadudu wala ugomvi wa mipaka; ni mkato wa desimali uliokimbilia upande usio wake katika daftari la mwanafunzi wa darasa la sita. Swali linasema: shamba lina hekta 2, ligeuze kuwa are. Mtoto anachora lile jedwali la vipimo, anahesabu vyumba kwa ncha ya kalamu, anaibuka na 0,02. Hizo ni mita mraba 2. Mwenye shamba akitandika mkeka, ardhi imekwisha, na kakao sijui ataipanda wapi. Mtoto huyohuyo ukimtuma chumvi, mwenye duka akamrudishia faranga 300 badala ya 3.000, kelele zake zitasikika hadi barabarani. Basi kichwa ni kizima. Tatizo ni kwamba tumemfundisha kukiacha nje ya jedwali.

Ndiyo maana nasema wanaowatayarisha watoto kwa ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi (wazazi wengi bado wanauita TENAFEP), waanze na makisio, jedwali lifuate. Kakao hupandwa kwa nafasi ya mita tatu hivi kila upande, kwa hiyo hekta moja hubeba miti zaidi ya elfu. Mtoto aliyewahi kupalilia hapo hahitaji mwalimu kumwambia kwamba 0,02 ni kichekesho. Tena mtihani wenyewe ni wa kuchagua jibu, na mtunga maswali hodari huweka kati ya majibu kosa lilelile analojua watoto watalifanya. Ile 0,02 inakaa pale, imevaa vizuri, inamsubiri mteja.

Wapo watakaosema mtihani unataka jibu kamili. Sawa, lakini makisio hayamzuii mtu kukokotoa; yanamwonya kabla hajatia alama. Wengine wanahofia Kifaransa: karatasi ni ya Kifaransa, sasa tukisie kwa Kiswahili? Tukisie kwa Kiswahili, kwa Kibila, hata kwa vidole, maana shamba halibadiliki ukubwa kwa sababu ya lugha. Maneno ya swali yafundishwe kwa Kifaransa chake. Na wale wanaoamini maswali ya miaka iliyopita pekee? Yanasaidia kuzoea karatasi, sikatai. Ila aliyekariri kwamba jibu la zile hekta 2 ni 200 ataandika 200 hata shamba likiwa la hekta 5.

Pingamizi lenye uzito ni la walimu. Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Nani atamsikiliza kila mtoto akikisia? Hakuna haja. Andika jibu ubaoni, darasa zima liseme kwa pamoja kama linawezekana. Mkaguzi akipita atadhani watoto wamegoma. Aingie, naye akisie.