Jinsi ya Kumsomesha Mtoto Bila Malipo na Mfuko Usitoboke

Mzazi wa Tanzania mwenye mtoto katika shule ya serikali halipi ada. Halipi tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 kuifuta kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafutwa pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Pamoja na hayo, wiki ya kwanza ya muhula mzazi huyohuyo yuko dukani anakopa: fagio la chelewa, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, hela ya mlinzi, hela ya uji, hela ya mtihani wa ujirani mwema. Mwongozo huu ni wake. Mahitaji: sarafu moja ya shilingi 500, daftari, kalamu, na moyo wa kukaa kwenye benchi la mkutano hadi mwisho.

Hatua ya 1: Ishike elimu bila malipo mkononi

Toa ile sarafu ya 500 uiweke kiganjani. Serikali humtengea mwanafunzi wa shule ya msingi ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoteremka hadi kwenye akaunti ya shule. Gawanya 6,000 kwa miezi 12, unapata 500. Sarafu uliyoishika ndiyo chaki ya mtoto wako kwa mwezi mzima, ndiyo karatasi zake za mtihani, ndiyo kitasa cha mlango wa darasa lake, ndiyo mpira wake wa michezo.

Sekondari ruzuku ni 25,000 kwa mwaka, na nusu yake huenda kwenye vitabu. Shule hulipwa pia fidia ya ada iliyofutwa, ambayo kwa kutwa ilikuwa 20,000. Andika tarakimu hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Mzazi asiyezijua atagombana na kila mtu isipokuwa anayehusika.

Hatua ya 2: Beba mzigo wako, usibebe wa jirani

Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu. Sare za shule ni zako. Madaftari na kalamu ni vyako. Matibabu ya mtoto ni yako. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa ni chako. Wa bweni unamnunulia godoro na shuka, na serikali inamlisha. Haya yakubali bila kinyongo, maana hakuna aliyekuahidi kwamba mtoto atavalishwa na halmashauri.

Kisha chukua ile karatasi ya shule yenye orodha ndefu uiwekee alama. Mshahara wa mlinzi haumo katika majukumu yako. Wala bili ya maji ya shule, wala karatasi za kuchapia mitihani ya kila Ijumaa. Unaweza kuvichangia kwa mapenzi yako, na wazazi wengi wanachangia kwa sababu wanaona hali ilivyo. Ila mchango wa hiari una sifa moja kubwa: asiyeutoa hapatwi na jambo, na mtoto wake hapatwi na jambo.

Hatua ya 3: Mtoto akirudishwa nyumbani, mrudishe shuleni

Hii ni hatua fupi na haina mjadala. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni baada ya malalamiko ya wazazi, akaagiza mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Mtoto akija saa nne asubuhi na begi mgongoni akisema, "Mwalimu amesema nikuletee ujumbe, hela ya uji bado," mshike mkono, mrudi wote. Msalimie mwalimu kwa heshima, mwambie utazungumza naye habari ya uji wewe na yeye, na mtoto aingie darasani kwanza. Kumtuma mtoto wa miaka minane kudai deni ni kumwaibisha mbele ya wenzake kwa hela ambayo hana. Uamuzi wa kuchanga au kutochanga ni wa watu wazima.

Hatua ya 4: Usitoe hata mia bila karatasi

Ukiamua kuchangia, dai stakabadhi. Jina lako kuwekewa tiki kwenye daftari la mwalimu wa zamu si stakabadhi. Mchango halali umepitishwa na wazazi katika mkutano, una muhtasari wenye saini, una kiasi kinachojulikana na kazi inayojulikana. Uliza maswali matatu tu: nani aliupitisha, zimekusanywa ngapi, zimefanya nini. Uliza kwa upole na uandike majibu. Mwalimu mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa kuwa stakabadhi inamlinda yeye kabla ya kukulinda wewe.

Hatua ya 5: Muache mwalimu mkuu apumue

Hapa wazazi tunakosea sana. Hasira yote huishia kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ndiye aliye karibu na mlango wake hauna askari. Kaa upande wake wa meza kidogo ufanye hesabu. Tuseme shule yake ya msingi ina wanafunzi 600, kwa hiyo anapokea takriban shilingi 300,000 kwa mwezi. Humo atoe chaki, mitihani, ukarabati na shajala za ofisi. Choo kikibomoka, mwezi umekwisha. Serikali yenyewe ilipoanzisha posho ya madaraka kwa walimu wakuu iliipanga kuwa 200,000 kwa mwezi, na mwalimu anaistahili. Lakini ruzuku ya wanafunzi 400 kwa mwezi ni hiyohiyo 200,000. Watoto 400 wanatengewa sawa na posho ya mtu mmoja.

Mwalimu huyo akikuomba rimu ya karatasi, anakuomba kitu ambacho alipaswa kupewa na aliyemwajiri. Wewe na yeye mnadai deni moja kwa mdaiwa mmoja. Mkigombana, mdaiwa analala usingizi.

Hatua ya 6: Soma ubao wa matangazo, kisha ingia mkutanoni

Tangu 2016 fedha za ruzuku hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na shule inatakiwa kuwaonyesha wazazi kilichoingia na kilichotoka. Nenda ukasome. Kama ubao una tangazo la mahafali ya miaka miwili iliyopita na hakuna hesabu, muulize mwenyekiti wa kamati ya shule, au wa bodi ikiwa ni sekondari. Kamati hiyo ina wawakilishi wa wazazi, nao walichaguliwa katika mkutano ule ambao wengi wetu tulisema tuna udhuru. Uchaguzi ujao gombea. Mzazi mmoja anayejua kuzidisha na kugawa akiwa ndani ya kamati ana nguvu kuliko wazazi 100 wanaonung'unika getini.

Hatua ya 7: Panda ngazi hadi halmashauri

Shule iko chini ya halmashauri, na halmashauri ina mfuko wake wa mapato ya ndani. Mfuko huo haulingani. Halmashauri yenye mgodi mkubwa kama za Geita, au yenye biashara nyingi kama za Dar es Salaam, ina pa kukinga. Ya vijijini inayotegemea ushuru wa mazao husubiri mvua pamoja na mkulima. Tena mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa mikononi mwa halmashauri ukapelekwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 unakatwa kodi hiyo ukinunua umeme wa LUKU. Kila mwezi ukiingiza tokeni unachangia kodi ambayo zamani ilikusanywa na ileile halmashauri inayokwambia leo haina fedha za vyoo. Una haki ya kuuliza ni kiasi gani kinarudi.

Pa kuuliza papo. Mkutano mkuu wa kijiji na baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na vikao vya kawaida vya baraza viko wazi kwa wananchi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla yake. Kwa hiyo ukimwendea diwani Juni, umechelewa, mwendee Novemba. Mpe swali moja lililoandikwa: mwaka huu, kati ya mapato yetu ya ndani, shule za kata yetu zimepata shilingi ngapi? Mwombe akusomee jibu mbele ya wazazi wenzako.

Hatua ya 8: Dai kiwango kipya

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ile ruzuku ya 10,000 ilianza na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwaka 2002, wakati shilingi elfu kumi zilikaribia dola 10. Leo hazifiki dola 5. Bei ya karatasi imepanda, ya saruji imepanda, ya mahindi ya uji imepanda, na idadi ya watoto madarasani imeongezeka tangu ada ifutwe. Pengo hilo ndilo linaloitwa mchango. Linaletwa nyumbani kwako kwa majina mengi, na anayeumia zaidi ni mama wa watoto wanne.

Nchi inapoamua, inaweza. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, serikali ilitangaza kujenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi, na yakajengwa ndani ya miezi michache. Kufuta ada ni mojawapo ya mambo mema kabisa yaliyofanywa na taifa hili, na wema huo unastahili kulipiwa kwa bei ya leo.

Mzazi mwenzangu, Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla mbunge wako hajapanda gari kwenda Dodoma, wewe na wazazi wa shule yako mwandikieni barua moja, yenye majina na saini, mkidai ruzuku ya mwanafunzi ipandishwe na ipitiwe upya kila mwaka kulingana na bei za bidhaa. Mkabidhini mbele ya mkutano, na mpangieni siku ya kurudi na jibu.