Gawio Langu la edX

Kwa Waheshimiwa Wakuu,
Chuo Kikuu cha Harvard na MIT,
Cambridge, Massachusetts, Marekani.

YAH: OMBI LA KULIPWA GAWIO LA MAUZO YA EDX

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wenu. Msihangaike kunitafuta kwenye picha za mahafali, simo. Nimo kwenye hesabu. Kila mlipotangaza kwamba edX, jukwaa mliloanzisha la kozi za mtandaoni, imewafikia mamilioni duniani kote, mmojawapo nilikuwa mimi, niliyejisajili usiku wa manane kwa sababu bando la usiku ndilo nafuu, kisha umeme ukakatika na kozi nayo ikaishia hapo. Wala siko peke yangu. Mwaka 2019 watafiti wa MIT, watu wa nyumbani kwenu, walichapisha walichokikuta kwenye takwimu zenu wenyewe: zaidi ya nusu ya wanaojisajili hawaingii darasani hata mara moja, na katika mwaka wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 tu. Kwa hiyo mimi si mtoro. Mimi ni mwanafunzi wa kawaida kabisa.

Nawakumbusha tulikotoka. Mei 2012 kila mmoja wenu alitenga dola milioni 30, mkaanzisha shirika lisilo la faida ili elimu ya juu imfikie kila mwenye intaneti. Kozi ya kwanza, ya saketi na elektroniki, ilifundishwa na Profesa Anant Agarwal. Walijisajili watu wapatao 155,000, wakafaulu kama 7,000. Mwaka huohuo mwenzenu wa Stanford, Sebastian Thrun, mwanzilishi wa kampuni ya kozi za mtandaoni ya Udacity, alitabiri kwamba baada ya miaka 50 vyuo vikuu duniani vitabaki 10 tu. Huku kwetu tulishtuka kidogo. Tulianza kuulizana kama chuo chetu cha Mlimani kitakuwamo kwenye hivyo kumi.

Mlikuwa pia na kijana wa kutuonyesha, na kwa kweli alistahili kuonyeshwa: Battushig Myanganbayar wa Ulaanbaatar, Mongolia, aliyepata alama zote katika kozi hiyo ya saketi akiwa na miaka 15, kisha MIT ikampokea. Habari zake zilizunguka dunia nzima. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, na kwamba huyo mkuu alimleta mtaalamu kutoka Marekani pamoja na vifaa vya maabara ili wanafunzi washike waya kwa mikono yao. Yaani pale muujiza ulipotokea palikuwa na mwalimu amesimama, na maabara, na mtu mzima anayeuliza kazi ya jana iko wapi. Hilo hamkulileta Mbeya wala Kisumu. Huku mlileta video.

Baadaye mkaanza kuweka mageti. Mwishoni mwa 2015 vyeti vya bure vikaondolewa. Miaka mitatu baadaye hata mitihani yenye alama ikawa, katika kozi nyingi, ya wenye kulipa. Sisemi mlikosea, umeme na seva vina gharama, hata sisi tunanunua luku. Nashangaa tu jinsi mlivyoendelea kushangaa ni nani wanaokuja kusoma. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipowahoji wanafunzi wa kozi zake kwenye Coursera, jukwaa jingine kama lenu, mwaka 2013, takriban asilimia 80 walikuwa tayari na shahada. Mlibandika sufuria kwa ajili ya wenye njaa, wakaja kula waliotoka kwenye karamu, nanyi mkahesabu sahani.

Linganisheni na cha kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na hakikuwahi kumtabiria mtu kwamba vyuo vingine vitakufa. Kikafungua vituo mikoani. Kina matatizo yake, na mwanafunzi wake yeyote atawasimulia hadi muombe kwenda. Lakini mlalamikaji anajua aende ofisi gani, na nani yuko nyuma ya meza. Mimi nikikwama kwenye kozi yenu ya takwimu nilijibiwa na swali la mwenzangu wa São Paulo aliyekwama palepale.

Sasa nije kwenye ombi. Mwaka 2021 mliiuza edX kwa kampuni ya biashara, 2U, kwa dola milioni 800. Julai 2024 kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atawapigia saluti: mliuza kabla bei haijashuka. Kozi ya namna hiyo mngeitoa, ningeimaliza.

Lakini 2U ilinunua nini? Video zilikuwa za vyuo. Programu yenyewe ilikuwa huria, kila mtu angeweza kuichukua bure. Kilichouzika kwa bei hiyo, kwa maoni yangu, ni jina na sisi tuliojisajili, ambao wakati huo tulikaribia milioni 40. Gawanyeni: ni dola 20 kila mmoja. Sidai riba. Na ninafahamu hali ni ngumu, hasa Harvard, ambako mwaka huo wa 2021 mfuko wa akiba ulivuka dola bilioni 50.

Nimesikia kwamba fedha za mauzo zilikwenda kwenye shirika lingine lisilo la faida, sasa linaitwa Axim Collaborative, lishughulikie ukosefu wa usawa katika elimu. Kama wanatafuta namna ya kuwafikia watu kama mimi, waambieni nimekwishafikiwa. Barua pepe yangu mnayo. Kila mwezi inaletewa tangazo la punguzo la cheti ambacho afisa utumishi wa huku, kabla hajakisoma, atauliza kama Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakitambua.

Niandikieni kwa anwani hiyohiyo, nitawapa namba ya simu. Na tafadhali, mkituma, tumeni na ya kutolea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi Aliyehesabiwa