Jathum wa Ploti

Mimi nilitaka nyatiti, kinubi cha Waluo. Hapa Kisumu mtu akishikwa na hamu ya muziki wa kwao, huko ndiko miguu inakompeleka. Lakini jaduong' mmoja, mzee wa Dunga, aliponikalisha kwenye kigoda na kunivisha pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, niligundua kwamba chombo kile kinamtaka mtu mzima mzima: mikono ichezee nyuzi 8, mguu ugonge pete kwenye mbao, mdomo uimbe, na akili ikumbuke nani ni mwana wa nani. Mguu wangu uligonga ulipojisikia. Jaduong' alitazama ziwa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama najua kuvua samaki.

Ndipo nikanunua marimba ya vidole, tena ya umeme. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: inahitaji vidole gumba viwili, navyo ninavyo, tena vinashinda vikifanya mazoezi kwenye simu. Ni kisanduku cha mbao cha kuenea viganjani, chenye ndimi 17 za chuma na tundu la waya ubavuni. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono No. 1 alijitengenezea maikrofoni za likembe yake, marimba ya vidole ya huko, kwa sumaku zilizochomolewa kwenye altaneta za magari. Mimi nililetewa kitu kilichokamilika, kazi yangu ni kuchomeka tu. Nikakichomeka kwenye spika ya mtumba niliyoipata Kibuye.

Hakuna aliyenionya kuhusu mpangilio. Ulimi mrefu kuliko yote, ule wa do, uko katikati. Re iko kushoto kwake, mi kulia, fa kushoto tena, hivyo hivyo hadi pembeni. Sauti zinapanda kama mlevi anayetafuta lango lake usiku. Kidole cha kulia kilijua zamu yake. Cha kushoto bado kilikuwa kinaandika ujumbe.

Siku ya nne vyote viwili vikachubuka. Jaribu kula ugali bila kidole gumba. Unalifinyanga tonge vizuri, lakini ukifika pale pa kubonyeza kishimo cha kuchotea mchuzi wa ngege, chumvi na ndimu vinaingia kidondani, tonge linadondoka bakulini, mchuzi unarukia shati. Nikahamia kijiko. Shemeji akamuuliza mke wangu tangu lini nimekuwa mzungu.

Simu nayo ikanikana. Mwenye bodaboda amesimama Kondele anangoja shilingi 100 zake, mimi nasugua kidole kwenye kioo, simu inasema hainijui. Ngozi yenye alama zangu ilikuwa imebaki nyumbani, kwenye marimba. "Omera, hii simu ni yako kweli?" akauliza, na wenzake wawili wakasogea. Bahati nzuri namba ya siri ilinijia kwenye jaribio la tatu.

Jioni moja, plasta vidoleni, nilikuwa napapasa wimbo wa chekechea, mara spika ikachangamka. Benga! Gitaa la solo likatiririka, besi ikalifuata. Nikainua mikono juu, muziki ukaendelea. Fundi wa redio alikuja kunieleza baadaye kwamba waya wangu wa bei nafuu hauna kinga ndani, kwa hiyo umegeuka antena, na spika inanasa kituo cha Kiluo. Lakini kabla ya fundi, mama jirani, muuza omena, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwalimu! Kumbe wewe ni jathum!"

Jathum ni mpiga nyatiti, na wapigaji wa benga waliuhamishia mdundo wa chombo hicho kwenye gitaa, kwa hiyo mtu mwenye nia njema anaweza kuchanganya mambo. Ningeweza kumfafanulia. Nilisema tu, "Bado najifunza, mama," na hapo sikudanganya.

Jumapili chama cha mama jirani na wenzake kikakutana kwenye ploti yetu, Nyalenda. Viti vya plastiki, chai, mandazi, na mzee mwenye nyumba na kofia yake. Nikaitwa. Nikachomeka, nikaanza do, kisha re, huku nikiomba moyoni redio iwahi kabla ya mi.

Ikawahi. Ila badala ya gitaa ikaja sauti nzito ya mtangazaji akisoma matangazo ya vifo: mume wa fulani, shemeji wa fulani na fulani walioko Mombasa na Nairobi, mwili utaondoka mochari Ijumaa, mazishi Jumamosi.

Mzee akavua kofia. Akina mama wakaweka vikombe chini. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikaendelea kubonyeza do, moja moja, polepole. Nakiri haijawahi kutoka vizuri vile.

Tangazo lilipokwisha, mama jirani akanishika bega. "Kumbe ulikuwa unangoja tangazo la kwenu! Pole sana, mwalimu." Kabla sijafumbua mdomo, noti ya 500 iliyokunjwa ilikuwa kiganjani mwangu. "Ya nauli," akasema.

Usiku nilitaka kumrudishia kwa M-Pesa. Nikaweka kidole kwenye simu, ikakikataa. Namba ya siri nilikuwa naikumbuka. Nikazima taa.