Ombi la ubao mmoja kila soko: Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam

Mstahiki Meya,

Shikamoo. Kwa umri huenda ningekuwa mimi wa kuamkiwa, lakini kiti ulichokalia kimebeba watu wengi kuliko miaka yangu, hivyo naanza mimi, na naanza kwa moyo mweupe. Naomba radhi kwa kukufikia mbele za watu badala ya kupitia masjala kama nilivyofundishwa kazini. Ninaloliomba ni la wengi, nami nimeona ni adabu zaidi kuliomba wenyewe wakisikia.

YAH: OMBI LA UBAO WA HESABU KATIKA KILA SOKO LA JIJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumishi mstaafu wa serikali za mitaa. Nilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, halmashauri ziliporudishwa baada ya kufutwa mwaka 1972, nikiwa mtoza ushuru wa soko katika mji mmoja wa bara. Kwa hiyo nikisema naujua uzito wa mzigo wako, Mstahiki, sikupambi. Najua kikao cha fedha kinavyokuwa pale ruzuku inapochelewa, mzabuni wa taka anadai, gari limelala gereji, na kila diwani ana kalavati lake lililobomoka. Najua pia kwamba vyanzo ambavyo wananchi hudhani ni vyako, vingine havimo tena mikononi mwako. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Sensa ya 2022 ilihesabu katika mkoa wetu watu zaidi ya milioni 5.3, na hakuna hata mmoja asiyezalisha taka, awe na kipato au hana. Ugumu wa maisha ukiingia, makusanyo yanashuka siku zile zile ambazo wenye shida wanaongezeka mlangoni kwako. Anayeiona kazi hiyo nyepesi hajawahi kuifanya.

Kwa heshima hiyo, naomba uniruhusu niseme jambo moja nililojifunza kwa kukosea. Hali ikiwa ngumu, ofisi hushawishika kumwendea aliye rahisi kumpata. Mwenye kampuni ana mhasibu na mwanasheria. Muuza mchicha ana ungo na miguu yake. Mkusanyaji aliyepewa lengo la mwezi atamkuta muuza mchicha alfajiri, kabla hajauza fungu la kwanza. Mimi nilikuwa mkusanyaji huyo.

Asubuhi moja ya masika nilimdai ushuru mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga amesimama, kwa sababu alipozoea kukaa palikuwa tope tupu. Alinilipa bila ubishi. Kisha akainama, akatoa kopo la mafuta ya kupikia, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na risiti zake zote, zimekunjwa moja moja, nyingine wino umeshafifia. Akaniambia: "Mwanangu, mimi sina deni na serikali. Serikali je, haina deni na mimi?" Nilikuwa na kitabu cha risiti mkononi, sikuwa na jibu. Nikasogea kwa mwenzake.

Mstahiki, swali lile limenifuata hadi hapa Dar es Salaam, na kila nilipoitazama historia ya jiji letu nimelikuta limekaa pale pale. Mwaka 1983, bidhaa zikiwa adimu na mishahara haifiki katikati ya mwezi, kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata watu walioonekana hawana kazi na kuwapeleka mashambani. Wengi walirudi. Walirudi kwa sababu jiji lilikuwa likila kwao: hata karani wa ofisini alikunywa chai na vitumbua vya mtu aliyehesabiwa mzururaji.

Mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa, na hadi 2000 tukaongozwa na Tume ya Jiji. Katika miaka hiyo kazi ya kuzoa taka ilizidi kugawiwa kwa makampuni na vikundi vya wakazi, ada ikakusanywa nyumba kwa nyumba. Wakazi walikuwa wale wale na hali yao ile ile, lakini mtaa ulioliona toroli likipita ulitoa ada kwa wepesi kuliko mtaa ulioambiwa subirini. Vilevile mwishoni mwa 2018 vilipokuja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wale ninaowafahamu walilipa bila kinyongo. Walijua wananunua nini: siku ya kufanya kazi bila kukimbia. Na wamachinga walipopangwa upya Oktoba 2021, waliohamishiwa penye njia ya wateja walitulia. Waliopelekwa pasipo na mguu wa mtu walirudi barabarani mmoja mmoja. Naomba tusiseme ni ukaidi. Njaa haijui ramani.

Hata Mei 2023, maduka ya Kariakoo yalipofungwa, wafanyabiashara hawakusema kodi isiwepo. Walilalamikia namna wanavyotozwa. Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja, akakaa, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine, na maduka yakafunguliwa. Mtu aliyesikilizwa hulipa akiwa wima.

Kwa hiyo ombi langu, Mstahiki Meya, ni dogo, na nimelipima lisikuongezee gharama wakati huu wa ukata. Naomba kila soko la Jiji liwe na ubao. Si wa umeme. Wa mbao na chaki unatosha, uwekwe pale mzigo unaposhukia. Kila tarehe ya kwanza ya mwezi, mkusanyaji na mwenyekiti wa soko waandike mistari miwili na kutia sahihi. Mstari wa kwanza: soko hili mwezi uliopita limetoa shilingi ngapi. Mstari wa pili: katika hizo, kimerudi nini hapa, yaani taka zimezolewa mara ngapi, choo kimekarabatiwa, taa ngapi zimewashwa, mfereji umezibuliwa au bado. Hesabu ya mstari wa kwanza imo tayari kwenye mashine za kukusanyia ushuru. Inachohitaji ni kushushwa kutoka ofisini hadi sokoni.

Huenda washauri wako, ambao nawaheshimu, wakahofu kwamba ubao wenye mstari wa pili mtupu utaleta manung'uniko. Naomba kuwajibu kwa mfano wa nyumbani. Unga ukipungua, mama mwenye busara halifichi pipa. Huwaonyesha watoto, akakata tonge sawa kwa sawa, na hapo hakuna anayegombana. Ugomvi huanza pale watoto wanapohisi kuna chungu kingine jikoni. Wakazi wa jiji hili wanaijua dhiki. Wanaishi nayo kila siku. Mkiwaeleza kwamba mwezi huu fedha imetosha taka tu, na mfereji utasubiri, watavumilia mfereji na watazidi kulipia taka.

Naomba pia, kwa unyenyekevu huo huo, tulinde kile ambacho Jiji limekwisha kukiweka mikononi mwa watu. Sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa, nasi tukashukuru. Mama aliyekopeshwa hurejesha kwa meza yake ya biashara. Meza ikivunjwa kabla hajaonyeshwa pengine pa kuuzia, Jiji limevunja rejesho lake lenyewe. Tafadhali, kabla mgambo hawajatumwa, orodha ya wakopaji wa eneo lile ipitiwe kwanza.

Sitaki kukuchosha. Yule mama wa mboga ametangulia mbele ya haki, na sikupata kumrudia nikiwa na jibu. Wapo wengi kama yeye Ilala, Buguruni na Kariakoo, wanaokunja risiti zao na kuzihifadhi. Hawadai makubwa. Kila wanapolipa, wanataka mahali pa kuinua macho wakasoma kwamba na wao wamelipwa. Mimi nilishindwa kumjibu nikiwa na kitabu kizima cha risiti. Wewe, Mstahiki, unaweza kuwajibu kwa kipande cha chaki, nami nitakuwa wa kwanza kuja kuusoma ubao huo.

Mungu akupe afya, na wenzako wa Baraza awape subira.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumishi mstaafu wa serikali za mitaa,
Mkazi wa Ilala, Dar es Salaam