Mhadhara wa Bingwa wa Ndege Wahamiaji

Mabibi na mabwana, simu zizimwe, na wenye watoto wawanyamazishe. Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa wa Ndege Wahamiaji, cheo alichotunukiwa kwa kauli moja na kamati ya mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe.

Bingwa ataanza na waliomtangulia, kwa ufupi, maana hawastahili zaidi. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Asamehewe, hakuwa na Bingwa wa kumuuliza. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alionekana korongo aliyetoka Afrika na mkuki umemkwama shingoni. Wenyeji wake walimpokeaje? Walimpiga risasi. Leo amekaushwa, yuko Chuo Kikuu cha Rostock, na wasomi wanamshukuru kwa kuthibitisha safari zake. (Yeye hakuulizwa.)

Sasa twendeni Ngulia, Tsavo Magharibi, nchini Kenya. Hapo pana hoteli juu ya ukingo wa mlima, na taa kali zilizowekwa ili wageni waone wanyama wakija kunywa maji. Msimu wa vuli, Novemba na Desemba, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita angani usiku wakielekea kusini. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukitanda, hupotewa na njia, nazo taa huwavuta. Tangu mwaka 1969 wako watu wanaokesha hapo na nyavu laini. Ndege akinaswa, hupimwa bawa, huwekwa kwenye mizani, huvishwa mguuni pete yenye namba, kisha huachiliwa aende zake. Laki kadhaa wamepita mikononi mwao. Wana tabia moja inayomshangaza Bingwa: wakiwa na shaka, hupima upya.

Mfano ni ndege huyu wa kahawia, Acrocephalus palustris. Semeni pamoja na Bingwa. Hapana, mmekosea. Uzito wake ni kama gramu 12. Mvisha pete humshika shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani, kisha hupima kwa rula pengo dogo lililo kwenye unyoya mmoja wa bawa, kwa kuwa ana binamu anayefanana naye kama pacha. Bingwa huwatofautisha akiwa mita 200, bila darubini. Hajapingwa hata siku moja, maana kufikia hapo ndege huwa ameshaondoka.

Tena ndege huyu ana kiburi. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alisikiliza madume wakiimba huko Ubelgiji, na mwaka 1979 akaeleza kwamba kila mmoja, kwa wastani, huiga sauti za spishi 76 za ndege, zaidi ya nusu zikiwa za Afrika. Maana yake, mtu aliyekaa kando ya shamba la Ubelgiji anaweza kusikia shore wa Afrika akiigwa na kiumbe asiyejaza kiganja. Spishi 76 zimenukuliwa, na Bingwa hakutajwa.

Kijana wa nyuma, shusha mkono. Maswali yote yaletwe kwa maandishi. Majibu yatatolewa mwezi wa Mei, ndege wenyewe wakishafika Ulaya.